Makoo Kumi na Mawili

Kwa miezi minane nilipita soko la Kariobangi kila asubuhi nikitega sikio, na kwa miezi minane sikusikia kitu. Sisemi soko lilikuwa kimya. Soko lile halijawahi kunyamaza tangu liwepo. Kulikuwa na wa nyanya, wa mitumba, wa dawa ya panya, na mafundi wa jua kali wanaogonga mabati kana kwamba mabati yamewatukana. Lakini sauti moja haikuwepo, na aliyeizima ni mimi.

Ilikuwa sauti ya Batulo, ambaye sote tunamwita Mama Falis. Anauza vichwa na miguu ya mbuzi jirani na mafundi wa milango ya chuma. Tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi, natoka kwetu Mowlem na sare iliyofifia, yeye alikuwa pale akiita wateja. Hakutumia spika kama hawa wa siku hizi, wanaorekodi maneno mara moja halafu kifaa kinapayuka mchana kutwa, mwenyewe anakula chapati. Mama Falis aliita kwa koo lake. "Kichwa na miguu! Supu ya leo, si ya jana! Kuja mama, kuja!" Ukiisikia bado uko ng'ambo ya barabara, ulijua umechelewa shule na ukaanza kukimbia.

Sasa mimi ni daktari, jina langu Muhonja, niko mwaka wa tatu wa ubingwa wa masikio, pua na koo. Hospitalini wanatuita maresidenti, watu ambao si wanafunzi tena na si mabingwa bado, kwa hiyo lawama ni zetu na sifa ni za wengine. Mwaka jana nilikuwa napita sokoni nikasikia sauti ya Mama Falis ikikatika katikati ya neno "miguu". Siku ya pili ikakatika tena palepale. Nikasimama mbele ya meza yake na udaktari wangu wote.

"Mama Falis, hiyo sauti iko na shida. Kuja hospitali nikuangalie."

"Mimi niko na kazi, Muhonja. Sauti imezeeka tu, hata mwenyewe nimezeeka."

Nilimsumbua wiki tatu mpaka akakubali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hakuja mwenyewe. Nilimwita.

Tulipomwangalia tulikuta vinyama kwenye nyuzi zake za sauti, huku na huku, mbele kabisa pale nyuzi mbili zinapokutana. Hospitali yetu ina mashine ya leza, mwanga unaokata na kuunguza nyama ndogo kuliko punje ya mchele. Daktari hutazama kwa darubini na kuufyatua kwa mguu: ukikanyaga pedali unakata, ukiinua mguu unakoma. Mafunzo yetu ya leza yalikuwa mhadhara wa asubuhi moja, video iliyokwama katikati, na cheti. Baada ya cheti ulisimama nyuma ya bega la mkuu wa idara, Daktari Wathome, ukatazama. Nilikuwa nimetazama mara kumi na moja. Kukanyaga pedali, hata mara moja sikuwahi.

Siku ya Mama Falis, Daktari Wathome alianza, simu yake ikaita, akatazama namba na kuvua glavu. "Malizia," aliniambia, akatoka.

Basi nikamalizia. Hapa inabidi nimtaje mama yangu, Ayuma, ingawa hana kosa. Mama amefua nguo za watu mitaa ya Umoja na Buruburu miaka ishirini, na kwake hakuna dhambi kubwa kuliko kuacha kazi nusu. Shati likiingia kwenye maji, linaishia kwenye kamba. Mimi nimelelewa hivyo. Nilisafisha upande wa kushoto, ukatoka vizuri, na kule upande wa kulia vinyama vilivyobaki vikawa vinanitazama. Kitabuni nilikuwa nimesoma: pale mbele usiunguze pande mbili siku moja, maana vidonda viwili vikitazamana vitashikana. Nililijua hilo kwa ajili ya mtihani na nililijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini mgonjwa alikuwa amelala, mashine imewaka, na mimi nikajiambia, kwa nini mama wa watu arudi tena kulazwa kwa kitu cha dakika mbili? Nikakanyaga. Na sikuwa najua mguu wangu ni mzito kiasi gani.

Vidonda vilishikana. Utando ukaota kati ya nyuzi, zikawa haziwezi kuachana wala kutetema zitoe sauti. Mama Falis aliyeamka kwenye kile kitanda hakuwa na sauti. Alikuwa na pumzi tu, mnong'ono wa mtu anayesema siri kanisani. Nikamwambia apumzishe koo wiki mbili. Baada ya wiki mbili nikamwambia mwezi. Daktari Wathome alipouona ule utando alisema, "Hutokea," na kwenye faili tukaandika "kovu". Mama Falis akaacha kuja kliniki, nami sikumfuata. Mtaka yote hukosa yote, wahenga walisema, lakini siku ile mtaka yote alikuwa mimi na aliyekosa ni mwenzangu.

Kuna jambo jingine sikumwambia mtu. Siku moja kabla ya upasuaji Mama Falis alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa kazini, anasikika anachoma vichwa. "Daktari, kesho nalala kwa meza yako. Hii sauti inalisha nyumba, uichunge." Kisha, bila kuzima, akamwona mteja: "Kichwa na miguu! Supu ya leo, si ya jana! Kuja mama, kuja!" Na kwenye "miguu" inakatika kidogo. Sekunde thelathini na moja. Nilikuwa nikiusikiliza kwenye ngazi za hospitali, chooni, jikoni mama akiwa ametoka. Nilikuwa naitamani ile sauti kama mtu anavyotamani nyumba aliyokulia ikishabomolewa. Ningetoa chochote kuisikia tena hewani, ikitoka ng'ambo ya barabara, ikinifokea kwamba nimechelewa.

Mwezi wa nane baada ya upasuaji kulikuja maresidenti wapya watano. Nikawaona wamepanga foleni nyuma ya bega la Daktari Wathome, wametoa macho, na mfukoni kila mmoja ana cheti. Nikashindwa kuvumilia. Nilimfuata ofisini kwake.

"Daktari, hawa watu wasiguse binadamu kabla hawajagusa mbuzi."

"Mbuzi?"

"Koo la mbuzi. Nyuzi zake zinafanana na zetu vya kutosha. Mtu aunguze koo moja, la pili, la tatu, aharibu, arudie. Mguu ujifunze. Na waanze na upande mmoja, wazuiwe kwenda wa pili."

Alijua nazungumzia nini. Hakuna mtu katika idara ile aliyewahi kulitaja jina la Mama Falis mbele yangu tangu siku ile.

"Sitaki nyama ya mbuzi kwenye thieta yangu ya upasuaji," alisema. "Tumieni kile chumba cha zamani cha kufungia mifupa plasta, mashine itasukumwa. Jumamosi moja, Muhonja. Makoo yakipatikana na yakifaa, tutaendelea. Yakikosa, usinirudie na habari za mbuzi."

Nikaenda kununua vichwa. Nilizunguka Mowlem na Kariobangi nzima, nikarudi nyumbani na saba ndani ya gunia. Mama alifungua, akafunga tena.

"Tunaoza mtu na sijaambiwa?"

"Ni ya kazi, mama."

"Kazi gani ya daktari inanuka hivi?"

Hakikufaa hata kimoja. Wauzaji wengi hukata shingo kwa shoka pale wanapoona panafaa, na koo lilikuwa limepasuliwa katikati, nyuzi zimesagika. Tulikula supu siku nne, na mimi nikijua ninachokwepa. Nilikuwa najua tangu mwanzo makoo mazima yanapatikana wapi.

Mama Falis ana wateja wazee wa Kiislamu ambao, kabla hata ya salamu kuisha, huinua kidevu cha mbuzi kutazama kama fundo la koo limebaki upande wa kichwa. Kwao hiyo ni dalili kwamba mnyama alichinjwa vizuri, chini ya fundo, si juu yake. Shemeji yake Mumin ndiye mchinjaji, na mkono wake haukosei. Kwa hiyo Mama Falis huliacha fundo mahali pake mpaka mteja aridhike, kisha hulikata na kuwatupia paka. Kila siku, mita chache kutoka pale nilipopita nikitega sikio, paka wa Kariobangi walikuwa wanakula kile ambacho idara yangu ilikikosa.

Nilimwendea Alhamisi asubuhi. Alikuwa anaunguza nywele za kichwa kwa moto wa gesi, bomba mkono mmoja, kichwa mkono wa pili. Aliniona, akazima gesi ili nimsikie. Sikuzoea hilo. Zamani hakuhitaji kuzima kitu.

"Karibu daktari," alinong'ona. "Umepotea."

"Shikamoo Mama Falis. Nataka kukuomba kitu. Yale mafundo unayotupia paka, naomba kumi na mawili. Unitumie hospitali Jumamosi, kabla ya saa nane."

"Ya nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu. Utafiti, ningesema, na angekubali, maana neno hilo huwa halijibiwi. Lakini alikuwa ameinama karibu yangu ili sauti inifikie, na niliona mishipa ya shingo yake ikivutika kwa kusema maneno mawili tu. Uongo ukanikaukia mdomoni.

"Ya kufundisha madaktari wapya kutumia ile leza. Ili wasifanye nilichokufanyia."

Nikaendelea kabla miguu haijanikimbiza. "Daktari Wathome alitoka nje. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika. Nilitakiwa kuunguza upande mmoja, nikuache upone, nikurudishe baada ya wiki sita. Niliunguza pande zote mbili siku moja. Zikashikana. Si kovu la Mungu, Mama Falis. Ni mimi. Nisamehe."

Aligeuza kile kichwa cha mbuzi mkononi, akakiangalia sikioni, mdomoni, akatafuta mahali palipobaki nywele.

"Ulikuwa na haraka?" aliuliza.

"Hapana. Nilitaka kumaliza."

Alitikisa kichwa taratibu. "Miezi nane," alinong'ona. "Miezi nane mimi nafikiri ni dhambi yangu. Nafikiri nilisema watu vibaya, Mungu akachukua." Akawasha gesi tena. Midomo yake ilisema kitu kingine, na kwa sababu ya moto sikukisikia, lakini mkono ulionyesha njia. Niende kazi.

Nilitembea mpaka kituoni nikilia bila kujificha, na Kariobangi hakuna anayekuuliza unalilia nini, kila mtu anadhani ni moshi.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa kwenye chumba cha plasta. Mashine imesukumwa, darubini imefungwa, vitambaa vimeloweshwa maji kwa sababu leza ikikosea njia inawasha kitambaa kikavu, miwani ya kukinga macho imepangwa dirishani. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa makoo. Maresidenti watano walikuwa wameketi juu ya meza, na mkubwa wao kwa maneno alikuwa Bwire, kijana wa Kariobangi South anayejua kila kitu.

"Niaje, Muhonja. Hizo makoo ziko wapi? Ama tukatane wenyewe?"

"Zinakuja."

"Zinakuja na miguu?"

Wakacheka. Daktari Wathome alisimama mlangoni akitazama saa yake. Saa nane u nusu. Saa tisa kasoro robo. Mmoja alipendekeza tuunguze sabuni. Nilijua kama Wathome akigeuka na kutoka, Jumatatu wale watoto wa watu watarudi nyuma ya bega lake, na siku moja simu itaita tena, na mmoja wao ataambiwa "malizia". Nilimwona akifunga kifungo cha koti.

Simu ya ukutani ikalia. Askari wa geti. "Daktari, kuna mama hapa na beseni. Tunamwambia aiache, hataki. Anaongea pole pole hatumsikii."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Mama Falis alikuwa amevaa buibui lake la kutokea, lile la harusi, na beseni la bluu limefunikwa kwa kanga. Hakunisalimu. "Nataka kuona," alinong'ona. "Kama ni fundo yangu, nataka kuona mahali inaenda."

Nilimwingiza chumbani. Vicheko vilikatika, maana sasa nadhani walihesabu: mama, mnong'ono, na uso wangu. Daktari Wathome alimtambua mara moja. Alifungua kile kifungo cha koti na kuvuta kiti.

Makoo yalikuwa kumi na mawili, mazima, yameoshwa. Niliweka moja chini ya darubini, nikamvalisha Mama Falis miwani, nikamwonyesha aweke jicho wapi. Alitazama muda mrefu mpaka nikadhani haoni kitu.

"Ni hii tu?" aliuliza. "Hizi kamba mbili nyeupe?"

"Ndiyo hizo."

"Kidogo hivi." Aliinua uso, akatazama ncha ya kidole chake kidogo, akarudi kwenye darubini. "Kitu kidogo hivi ndio ilikuwa inaita soko mzima."

Hata Bwire alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nionyeshe pale uliunguza."

Nikawasha nukta nyekundu, ile ya kulenga tu isiyokata, nikaipeleka mbele pale kamba zinapokutana. "Huu upande ulikuwa sawa," nilisema. "Huu ningeuacha."

"Nani anaunguza kichwa pande zote mara moja?" alinong'ona, na kwa mara ya kwanza nilisikia hasira yake, ndogo na kavu. "Unaunguza huku, unaweka chini, ipoe, unafanya ingine. Halafu unarudi kwa hii. Ukilazimisha, ngozi inapasuka. Na moto haukai. Moto unapitishwa." Akapitisha kiganja hewani, mara moja, haraka, bila kusimama. "Hata mtoto wangu Falis alijua hii akiwa darasa la nne."

"Mimi sikufundishwa," nilisema.

"Ungekuja kuuliza."

Bwire ndiye aliyekaa kwanza. Akalenga upande wa kushoto, akakanyaga. Moshi mwembamba ukapanda, na harufu ilikuwa ileile ya meza ya Mama Falis asubuhi. Kijana akawa anaona raha. Mguu ukakaa. Mimi nilikuwa nafungua mdomo kumwambia basi, na kabla sijasema tukasikia mlio: ko! Mama Falis alikuwa amegonga beseni kwa mpini wa kisu chake. Bwire aliruka, mguu ukainuka.

"Umekaa," alinong'ona Mama Falis.

"Sikukaa, mathe, nilikuwa nama—"

"Umekaa."

Bwire alitazama kwa darubini. Shimo lilikuwa limezama mara mbili ya lilivyotakiwa. "Nimekaa," alikubali.

Mchana ule wote ulikuwa hivyo. Sauti ya kusema "basi" hakuwa nayo, kwa hiyo aligonga. Akikanyaga mtu na moshi ukawa mweupe, alinyamaza. Moshi ukianza kuwa na rangi, ko! Alijua kwa rangi na kwa harufu, mapema kuliko sisi tuliotazama kwa kioo. Mmoja akimaliza kushoto na nukta nyekundu ikaanza kujivuta kwenda kulia, ko! Hilo ndilo lililowashinda wengi. Walitoka jasho. Kuunguza kulikuwa rahisi, kuuacha ule upande wa pili pale, mchafu, unakutazama, ndiyo kazi. Kufikia koo la tisa walikuwa wanainua mguu kabla hajagonga. La mwisho nilikalia mimi. Nilifanya upande mmoja, nikatoa mguu kabisa nikauweka nyuma ya kiti, nikaketi nikitazama ule wa pili. Chumba kizima kiliningoja. Beseni halikulia.

Daktari Wathome alikuwa hajasema kitu tangu alipovuta kiti. Sasa alikuja mbele ya Mama Falis, na mzee yule ambaye sijawahi kumwona akiinamia mtu, aliinama ili amsikie na asikike.

"Mama, siku ile nilikuwa nje ya chumba. Sikupaswa."

Mama Falis alifuta kisu chake kwa kanga.

"Utando unaweza kufunguliwa. Nitafanya mwenyewe, hatua kwa hatua. Sauti haitakuwa ile ya kwanza, nisikudanganye. Lakini itatoka kitu."

Mama Falis alifikiri. Kisha alininyooshea kile kisu, upande wa mpini. "Wewe ndio utashika," alimnong'onezea Wathome. "Huyu atasimama na beseni. Ukikaa, agonge."

Wathome aligeukia wale watano. "Mmesikia. Kuanzia leo, makoo kumi na mawili kwa kila mtu kabla ya mgonjwa wa kwanza. Na hakuna anayekanyaga bila mtu wa kugonga. Nikiwa mimi pia." Alisema kwa ukali, namna anavyosema kila kitu, akatoka kabla hatujamwangalia usoni.

Nilimsindikiza Mama Falis mpaka getini, beseni tupu kichwani mwangu. Alisimama.

"Ile kitu nilikutumia kwa simu. Siku ile kabla. Bado uko nayo?"

"Ninayo."

"Yangu ilianguka kwa maji. Mtoto wa Falis, Kawsar, alizaliwa baada. Hajui nilikuwa naongea aje. Mimi pia," akagusa koo, "nimeanza kusahau."

Wakati huo ndipo nilipojiona mwizi. Miezi minane nilikuwa nimekaa na sauti ya mtu mfukoni, naisikiliza chooni, najililia, na mwenyewe anaitafuta. Nilimtumia palepale kwenye simu ya Falis. Hakuisikiliza mbele yangu. Alichukua beseni lake na kuondoka.

Jumanne iliyofuata natoka Mowlem nimechelewa. Bado niko ng'ambo ya barabara nikaisikia.

"Kichwa na miguu! Supu ya leo, si ya jana! Kuja mama, kuja!"

Nilivuka bila kutazama magari. Niligonga mtu wa nyanya, akanitukana, sikusimama. Nilikuwa nasema Mungu, Mungu, Mungu, nikiamini kabisa, mimi daktari niliyeuona ule utando kwa macho yangu, kwamba sauti imerudi yenyewe.

Spika ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari juu ya meza yake, moja ya zile alizokuwa akizicheka. Fundi wa simu alikuwa ameyakata yale maneno aliyoniambia mimi na kuacha mwito tu, unazunguka na kurudi, unazunguka na kurudi. Chini yake Mama Falis alikuwa ameketi akiunguza kichwa, na midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na sauti. Ilipofika kwenye "miguu" ikakatika, palepale, na midomo yake ikangoja, kisha ikaendelea nayo. Mapajani kwa Falis mtoto Kawsar alikuwa ameinua uso juu, anatafuta kwenye spika yule mtu anayeita.

Nilisimama katikati ya njia nikalia. Mama Falis aliniona. Alinyoosha mkono akazima spika, akazima na gesi, akanisubiri nisogee karibu.

"Usilie mbele ya wateja wangu," alinong'ona. "Jumamosi unataka mangapi?"